Dawa ya ini: ipitie mkononi, kinenani au mdomoni?

Kikao cha ukoo kilikaa Masasi, siku tatu baada ya mjomba kurudi na majibu. Karatasi ilisema ana uvimbe kwenye ini na kwamba ni saratani. Kila aliyefika alikuja na tiba yake mfukoni. Kaka mkubwa alitaka apelekwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, akatundikiwe dripu. Mama mdogo alisema India, hata kama ni kuuza mikorosho. Kijana wetu wa chuo akatoa simu na kutuonyesha kimashine cha duara kinachopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo huko Marekani, kikidondosha dawa ndani ya ini usiku na mchana. Jirani, ambaye hakuna aliyemwita, akataja mzizi.

Kwetu kusini mjomba ndiye nguzo ya ukoo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumkatia shauri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Mpwa wangu, wewe ndiye mwenye kusoma. Hivi vyote ni kitu kimoja, au kila kimoja na chake?"

"Kila kimoja na chake, mjomba. Na vingine si vyako kabisa."

Maneno hayo ya mwisho niliyasema kwa kubahatisha. Ilinichukua miezi kujua kwamba nilipatia, na katikati ya miezi hiyo nikakutana na mwalimu mstaafu wa Nachingwea mwenye karatasi iliyosema karibu yaleyale: uvimbe kwenye ini, saratani. Tiba iliyomfaa yeye isingemsaidia mjomba hata kidogo. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya familia iliyoketi leo pale tulipoketi sisi siku ile.

Ini lina milango miwili

Ini hupokea damu kwa njia mbili. Karibu robo tatu huja kwa vena kubwa inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula. Robo inayobaki huja kwa ateri, damu mbichi kutoka kwenye moyo. Ini lenye afya hutegemea zaidi ile vena. Uvimbe wa saratani hufanya kinyume chake: hujichipushia vijimishipa kutoka kwenye ateri na kunyonya huko karibu damu yake yote. Ndiyo maana daktari anaweza kumwaga dawa kwenye ateri, hata kuiziba kabisa baada ya hapo, ini likaendelea kuishi kwa vena huku uvimbe ukishinda njaa.

Mkulima wa korosho ataelewa haraka kuliko mimi. Dripu ya mkononi ni kama kupuliza salfa kwa ndege: mkorosho wenye ukungu wa ubwiriunga utapata, mihogo itapata, na kisima nacho kitapata. Kupitia ateri ni kusimama na mashine ya kupulizia chini ya mkorosho mmoja. Lakini mashine haikusaidii kitu ikiwa ubwiriunga umeshaenea shamba zima, wala ikiwa mkorosho wenyewe umeshaanza kukauka kutoka kwenye mizizi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Umezaliwa wapi, na ini lina hali gani

Swali la kwanza ni uvimbe umezaliwa wapi. Upo uliozaliwa kwenye ini lenyewe. Kwetu huo mara nyingi hufuata homa ya ini B iliyokaa mwilini miaka mingi bila dalili, au ini lililosinyaa kwa pombe (wenye uraka na nipa mnisamehe), na sumukuvu ya karanga na mahindi yaliyoota ukungu huongeza hatari. Na upo uliozaliwa kwingine, mara nyingi kwenye utumbo mpana, ukasafiri na damu hadi kwenye ini. Wa mjomba ulikuwa wa kwanza. Wa mwalimu ulitoka utumboni.

Tofauti hii haionekani kwa ultrasaundi peke yake. Hospitali ya kwanza tuliyoingia, ambayo sitaitaja, ilitupa ultrasaundi na neno "saratani", ikaishia hapo. Tulipoteza wiki sita tukibishana juu ya tiba ya ugonjwa ambao hatukujua umeanzia wapi. Kinachohitajika ni kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa, kikipigwa kwa awamu ili kuona ateri inavyojaa na vena inavyojaa. Kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo mara nyingi hupanda kwa saratani iliyozaliwa kwenye ini. Kipimo cha homa ya ini B na C. Na kama kuna damu kwenye choo au choo kimebadilika, kamera ya utumbo mpana. Vipimo vya damu na rufaa usivikimbilie Dar. Anza Ligula, Sokoine, Ndanda au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, yoyote iliyo karibu nawe.

Swali la pili ni ini lililobaki lina nguvu kiasi gani. Madaktari wana mizani inayoitwa Child-Pugh. Hupima mambo matano: rangi ya nyongo kwenye damu, protini ya albumini, muda ambao damu huchukua kuganda, maji tumboni, na kuchanganyikiwa akili. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Omba uandikiwe herufi hiyo kwenye karatasi. Mwenye A milango mingi iko wazi kwake. Mwenye C, macho manjano na tumbo limejaa maji, tiba ya kupitia ateri inaweza kummaliza mapema kuliko saratani yenyewe, na daktari anayekataa kumfanyia hajamnyima haki yake.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja la haraka. Ikiwa uvimbe ni mmoja na unaweza kukatwa, ukatwe. Ikiwa ni mdogo, chini ya sentimeta 3 hivi, unaweza kuunguzwa kwa sindano ya joto inayopenya ngozi. Hizo ni tiba zenye nafasi ya kuondoa ugonjwa kabisa. Yote ninayolinganisha hapa chini ni ya mtu ambaye njia hizo mbili zimeshindikana, na kusini wengi wetu tunafika tukiwa tumechelewa hivyo.

Saratani ya ini lenyewe: dripu au kuziba ateri

Kaka mkubwa alikuwa na nia njema, lakini dripu ya tibakemia, yaani dawa kali za kuua saratani, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote kwa saratani iliyozaliwa kwenye ini. Saratani hii ni sugu kwa dawa hizo, na ini lililosinyaa halizimudu. Mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika, uvimbe ukabaki palepale. Kwa huyu usiuze kitu kwa ajili ya dripu ya aina hiyo.

Inayopewa nafasi ni ile madaktari wanayoiita TACE. Mgonjwa anakuwa macho, amechomwa ganzi tu. Mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya kinenani au ya kifundo cha mkono, ukaongozwa kwa picha za eksirei hadi kwenye tawi la ateri linalolisha uvimbe. Hapo humwagwa dawa, mara nyingi doksorubisini au sisplatini, ikiwa imechanganywa na mafuta ya mbegu za mpopi yenye aidini. Mafuta hayo hung'ang'ania kwenye uvimbe, na ukipiga CT baadaye uvimbe huonekana mweupe pale yalipokaa. Kisha tawi huzibwa kwa chembechembe za sponji. Ipo namna nyingine ambapo vishanga vidogo sana hubeba dawa na kuziba kwa wakati mmoja. Kwa urefu wa maisha namna hizi mbili hazijaachana sana, kwa hiyo usikubali kulipa zaidi kwa sababu tu umeambiwa vishanga ni vya kisasa.

Uzito wa TACE ulithibitika mwaka 2002 kwa tafiti mbili, moja ya Barcelona na nyingine ya Hong Kong. Barcelona, baada ya miaka miwili walikuwa hai 63 katika kila 100 waliofanyiwa, dhidi ya 27 ambao hawakufanyiwa. Hong Kong walikuwa 31 dhidi ya 11. Watu hupenda kunukuu ile ya Barcelona kwa sababu inapendeza. Mimi naiamini zaidi ya Hong Kong kwa ajili yetu, kwa kuwa wagonjwa wake wengi walikuwa na homa ya ini B na uvimbe mkubwa, na hao ndio tunaowaona huku. Ukisoma 31 dhidi ya 11 unaelewa mambo mawili: tiba inafanya kazi, na si ya kuponya.

Siku chache za kwanza ni ngumu. Homa, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, kichefuchefu, uchovu. Wengi huruhusiwa baada ya siku moja hadi tatu, na homa hiyo kwa kawaida si maambukizi, ni uvimbe unaokufa. Kama inapanda badala ya kushuka, au mgonjwa anaanza kutetemeka, ni jambo jingine; rudi hospitali. Wiki nne hadi nane baadaye hupigwa CT, na kama kuna sehemu iliyobaki hai, hurudiwa.

Haiwafai wote. Kama damu imeganda na kuziba ile vena kubwa ya utumbo, kuziba na ateri ni kufunga milango yote miwili. Mwenye figo mbovu huumizwa na dawa ya kung'arisha mishipa. Na mwenye homa ya ini B lazima awe ameanzishiwa dawa ya virusi kwanza, kwa sababu tibakemia inaweza kuviamsha. Dawa hiyo mara nyingi ni tenofovir, ileile iliyomo kwenye vidonge vya VVU. Kwetu nusu ya ukoo ilinong'ona wiki nzima baada ya kuona kopo. Waelezeni watu mapema.

Kwa huduma hii ndani ya nchi, mlango wa kugonga ni Muhimbili, ambako radiolojia tiba, yaani tiba zinazoongozwa kwa picha kama hii, ilianza kujengwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Piga simu kabla ya kupanda basi. Uliza kama mashine inafanya kazi mwezi huo, kama dawa na vifaa unanunua mwenyewe, na bima yako inagusa kipi. Bei iombe kwa mafungu matatu: utaratibu wenyewe, vifaa, na kitanda.

Kumwaga bila kuziba

China wana njia ya kati. Mrija huachwa kwenye ateri ya ini, oksaliplatini na wenzake wakatiririka humo kwa siku moja hadi mbili, bila kuziba chochote, na hurudiwa kila wiki tatu. Utafiti wa Guangzhou uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wagonjwa 315 wenye uvimbe mkubwa, wa sentimeta 7 au zaidi: waliomwagiwa hivyo, nusu yao walivuka miezi 23.1, wa TACE ya kawaida, miezi 16.1. Kwa uvimbe mkubwa hayo si matokeo ya kupuuza, na kwa kuwa haizibi, yenyewe haiogopi sana vena iliyoganda. Shida ni kwamba hufanywa zaidi huko mashariki ya mbali, na inataka mgonjwa alale na mrija kila baada ya wiki tatu. Kama familia inamudu kuhamia nje ya nchi miezi minne, iulizie. Sisi hatukuimudu.

Iliyotoka utumboni: hapa dripu inashinda

Kwa mwalimu wa Nachingwea mambo yaligeuka juu chini. Saratani ya utumbo mpana husikia tibakemia ya dripu. Inapiga uvimbe wa kwenye ini na mbegu nyingine zilizojificha mwilini, ambazo mrija wa kwenye ini usingezigusa. Kwa wengine uvimbe husinyaa hadi ukaweza kukatwa.

Mashine ya kijana wetu ilikuwa ya watu kama mwalimu, si ya mjomba. Pampu hiyo hupandikizwa kwa upasuaji, mrija wake ukafungwa kwenye tawi la ateri ya ini. Haina betri: joto la mwili hupanua gesi iliyo ndani, gesi ikasukuma dawa kidogo kidogo. Dawa ni floksuridini, na ini huikamata zaidi ya asilimia 90 inapopita mara ya kwanza, kwa hiyo kinachovuja kwenda mwilini ni kidogo. Utafiti wa New York wa mwaka 1999, kwa watu ambao uvimbe wao wa ini ulikuwa umeshakatwa, ulionyesha kuwa miaka miwili baadaye walikuwa hai asilimia 86 ya waliopewa pampu pamoja na dripu, dhidi ya 72 wa dripu peke yake.

Nilivutiwa nayo sana, nakiri. Kisha nikasoma masharti. Hujazwa kila wiki mbili na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Inaweza kubana mirija ya nyongo hadi macho yakawa manjano, na ili kuliwahi hilo damu ya mgonjwa hupimwa kila mara. Pampu iliyoachwa bila kujazwa huweza kuziba mrija wake. Kumpandikizia mtu New York kisha kumrudisha Nachingwea ni kumwachia chuma tumboni. Hata mwenye pesa nisingemshauri, labda kama anaishi mtaa wa jirani na hospitali iliyompandikizia.

Vidonge, na dripu ya kuamsha kinga

Kwa saratani ya ini lenyewe, sorafenib ilikubaliwa Marekani mwaka 2007, na katika utafiti wake mkuu ilisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 7.9 hadi 10.7. Hunywewa nyumbani mara mbili kwa siku. Haijali vena iliyoganda, na hiyo ndiyo faida yake juu ya TACE. Lakini huchubua viganja na nyayo. Mkulima huambiwa "madhara madogo ya ngozi", halafu anashindwa kushika jembe na kuvaa kandambili. Hufaa zaidi wenye daraja A. Kuanzia mwaka 2020 kuna dripu mbili za pamoja, atezolizumab inayoamsha kinga na bevacizumab inayozuia uvimbe kuchipusha mishipa, ambazo zilifikisha wastani wa miezi 19.2 dhidi ya 13.4 ya sorafenib. Hutolewa kila wiki tatu, na kabla yake koo hupimwa kwa kamera kwa kuwa zinaweza kusababisha mishipa iliyovimba humo kuvuja damu. Ni nzuri, na bei yake ni ya kukaa chini.

Mzizi wa jirani nautolea uamuzi kwa sentensi moja: kila kinachonywewa hupita kwenye ini, na ini lililochoka halihitaji mgeni ambaye hana jina wala kipimo.

Hesabu ya barabara

Vitabu vya hospitali huwa havina safu hii. Mtwara hadi Dar ni kilomita zipatazo 560. Kutoka Newala au Masasi ni zaidi. Pampu ni safari 26 kwa mwaka. Dripu ya utumbo kila wiki mbili ni safari 12 kwa miezi sita, na mwalimu alilimaliza hilo kwa kuhamia kwa binti yake Mbagala. TACE ni safari mbili hadi nne kwa mwaka, pamoja na zile za CT. Vidonge ni safari ya kliniki tu. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, na mwenye tarehe ya dripu wiki ile alibaki upande wa huku. Kwa hiyo kama daktari anakupa nafasi ya kupanga, TACE usiipange masika, na usisafiri siku moja kabla.

Na fedha zetu zina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, malipo hufika baadaye. Ukoo unaotaka kuchangia uambiwe tarehe mapema, kuliko kuuza shamba Aprili kwa bei ya kutupa.

Tulipofikia

CT ya mjomba ilionyesha vena kubwa imeganda. Ini lilikuwa daraja B, alama 8. TACE ikafutika palepale, na kwa kuwa mama mdogo alikuwa ameshapata mteja wa mikorosho, simu ya kumzuia ilipigwa tukiwa bado kwenye korido. Vidonge daktari alisema vinaweza kujaribiwa ila asitegemee mengi. Mjomba akauliza vitamzuia kutembea? Akajibiwa huenda. Akachagua tenofovir, dawa ya kupunguza maji tumboni, mofini ya maji kwa ajili ya maumivu, na kurudi nyumbani.

Kijana wa chuo alikasirika, akasema tumekata tamaa. Mjomba alimwambia, "Mjukuu wangu, mimi nimechagua. Aliyekata tamaa hachagui."

Mwalimu alimaliza dripu zake kumi na mbili. Uvimbe mmoja umesinyaa, mwingine umebaki, na anasubiri kikao cha madaktari wa upasuaji.

Watoto saba wa mjomba walipimwa homa ya ini B wiki iliyofuata. Wawili wanayo, wote waliozaliwa kabla ya 2002, chanjo ilipokuwa bado haijaingia kwenye ratiba ya watoto, wameanza kliniki. Watatu wa umri huohuo hawana, wakachomwa sindano ya kwanza siku hiyo na ya pili baada ya mwezi. Ya tatu inaangukia Novemba, wakati wa minada, na mama mdogo ameshaandika tarehe ukutani.